Kilo 73 au kilo 67? Althéa Laurin na dhahabu iliyosubiriwa tangu Sydney

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mwalimu. Binti yangu ana miaka 14, anafanya taekwondo hapa Morogoro, na ukutani kwake ameweka picha ya yule Mfaransa, Althéa Laurin. Mimi si mtu wa mchezo huu ila nimeanza kuufuatilia kwa ajili yake. Kuna mambo mawili hayaniingii akilini. Kwanza, pengine wanaandika Laurin ni bingwa wa dunia wa chini ya kilo 73, pengine ni bingwa wa Olimpiki wa zaidi ya kilo 67. Huwa anapunguza au anaongeza? Nauliza kwa sababu kocha wa binti yangu ameanza kumwambia apunguze kilo. Pili, baba yake anasema huyu dada alishinda kwa kuwa michezo ilikuwa kwao Paris, basi. Ni kweli?"

Jibu:

Mama, nakushukuru. Hilo la kilo huwachanganya hata wenye mikanda myeusi, kwa hiyo usidhani ni kwa sababu wewe ni mgeni wa mchezo.

Laurin hapunguzi wala haongezi. Chukua mwanamke yeyote mwenye kilo 71. Akienda kwenye ubingwa wa dunia, yuko daraja la chini ya 73. Mwanamke huyohuyo, bila kubadilisha hata kifungua kinywa, akienda Olimpiki yuko daraja la zaidi ya 67. Ubingwa wa dunia una madaraja 8 ya wanawake: chini ya kilo 46, 49, 53, 57, 62, 67 na 73, halafu la zaidi ya 73. Olimpiki ina 4 tu: chini ya 49, chini ya 57, chini ya 67 na zaidi ya 67. Hilo linatokana na nafasi. Kila mchezo hupewa idadi yake ya washiriki na medali, na kwa Paris 2024 taekwondo ilipewa nafasi 128, wanaume kwa wanawake. Ukizigawa kwa madaraja 8 unapata watu karibu 16 kila daraja. Hakuna pa kuongeza.

Matokeo yake ni kwamba nusu ya mabingwa wa dunia hawana daraja lao Olimpiki. Mwenye kilo 53 lazima ashuke hadi 49 au apande akapambane na wa 57. Lakini wanaobanwa zaidi ni hawa wa kati ya 67 na 73, kwa sababu juu yao hakuna kikomo. Akipanda, anaweza kukutana na mtu wa kilo 85. Akishuka, inabidi ang'oe kilo 5 au 6 kwenye mwili ambao tayari hauna mafuta ya kupoteza, apime uzito siku moja kabla ya pambano, kisha kesho yake apigane mechi 4 au 5 kuanzia asubuhi hadi usiku.

Ufaransa imezijaribu njia zote mbili, na ukitaka kumwelewa Laurin inabidi uanze na dada mmoja aliyemtangulia, Gwladys Épangue. Huyu alizaliwa Clichy, pembeni kabisa ya Paris, mwaka 1983. Beijing 2008 alipigana chini ya kilo 67 akarudi na shaba. Mwaka mmoja baadaye, ubingwa wa dunia wa Copenhagen, akaingia chini ya 73 na kuwa bingwa. Mwaka 2011 huko Gyeongju, Korea Kusini, akachukua tena ubingwa uleule, daraja lilelile. Sikuwepo kwenye mizani yake, lakini ukiyaweka matokeo hayo matatu pamoja, ni vigumu kuamini kwamba 67 ndiyo ilikuwa kilo yake. Shaba ya Olimpiki ni kitu kikubwa, sidharau. Ninachosema ni kwamba mwanamke aliyekuwa bora duniani kwenye mwili wake halisi hakuwahi kupata dhahabu ya Olimpiki, kwa kuwa Olimpiki haina daraja la mwili huo.

London 2012 Épangue hakuwepo. Kwenye zaidi ya 67 Ufaransa ikamweka Anne-Caroline Graffe, mzaliwa wa Papeete, Tahiti, ambaye mwaka 2011 alikuwa bingwa wa dunia wa zaidi ya 73. Mzito hasa, kwenye daraja la wazito. Akafika fainali, akafungwa 9–7 na Milica Mandić wa Serbia. Fedha. Lishike jina hilo la Mandić, linarudi.

Sasa Laurin. Alizaliwa tarehe 1 Septemba 2001, ni binti wa Épinay-sur-Seine, kaskazini mwa Paris, kwenye ule mkoa wa Seine-Saint-Denis ambao magazeti huukumbuka zaidi kukiwa na vurugu. Alipoingia Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, alikuwa na miaka 19, na hakupelekwa chini ya 67. Aliingia moja kwa moja kwa wakubwa. Ninalipa uzito mkubwa jambo hili kuliko hata dhahabu ya Paris, kwa kuwa hapo ndipo njia ilipochaguliwa.

Angalia alikutana na kundi gani. Bianca Walkden wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia wa zaidi ya 73 mara tatu mfululizo: 2015, 2017, 2019. Lee Da-bin wa Korea Kusini alikuwa bingwa wa dunia wa chini ya 73 mwaka 2019. Mandić yuleyule wa London alikuwa bingwa wa dunia wa chini ya 73 mwaka 2017. Madaraja mawili ya dunia yamemwagwa kwenye mkeka mmoja, na katikati yao binti ambaye alikuwa bado hajafikisha 20. Nusu fainali ya Lee na Walkden ni ya kutafuta mtandaoni ukae na binti yako mwitazame. Walkden anaongoza, saa imebakiza pumzi moja, Lee ananyanyua mguu unagusa kichwa: 25–24. Fainali, Mandić akamfunga Lee. Shaba mbili zikaenda kwa Walkden na Laurin.

Unaona kitu? Waliocheza fainali ile wote wawili walikuwa mabingwa wa chini ya 73. Mzito wa kweli, mwenye mataji matatu ya dunia, aliishia shaba. Hii ndiyo sababu huwa nabishana na makocha wanaoamini kwamba mtu akipanda daraja amekwisha. Kwa hawa wa kilo 70 na kitu, wepesi wa mguu na urefu vinaweza kufidia kilo zinazokosekana, ilimradi wawe na nguvu ya kutosha kuiamsha mitambo. Naam, mitambo. Hogu, ile kinga ya kifua, ina vihisio ndani, na kila daraja la uzito limewekewa kiwango chake cha nguvu. Teke ambalo lingehesabiwa kwenye kilo 49 linaweza kupita kimya kwenye zaidi ya 67. Kwa hiyo anayepanda hakwepi kazi. Badala ya kushinda na njaa, anatakiwa ajenge paja, nyonga na tumbo mpaka teke lake liandikwe kwenye ubao wa wazito. Kazi hiyo ni ya miaka, na ina faida moja: mwili unakwenda mbele, haurudi nyuma.

Tokyo kulikuwa hakuna watazamaji. Ukumbi wa Makuhari Messe, kule Chiba, ulikuwa na makocha, marefa na mwangwi. Shaba yake ya kwanza aliipata mahali ambapo hata mama yake mzazi asingeweza kuingia kumshangilia, miaka mitatu kabla ya yale makelele ya Paris. Mwambie baba yake hilo, tutarudi kwake.

Baada ya Tokyo, sheria zikabadilika, na hapa inabidi uvumilie hesabu kidogo.

Hadi Tokyo, pambano la taekwondo lilikuwa raundi 3 za dakika 2, na pointi zote zilijumlishwa hadi mwisho. Mfumo huo ndio uliomwumiza Mfaransa mwingine, Haby Niaré wa Mantes-la-Jolie. Niaré alikuwa bingwa wa dunia wa chini ya 67 mwaka 2013 huko Puebla, Mexico, yaani daraja lake la dunia na la Olimpiki ni lilelile, hakuwa na tatizo la Épangue. Rio 2016 akaingia fainali dhidi ya Oh Hye-ri wa Korea Kusini, akafungwa 13–12. Pointi moja. Wakati ule teke la kawaida la kifuani lilikuwa pointi 1 na la kichwani 3, kwa hiyo kugusa kofia mara moja kulilingana na mateke matatu safi ya kifuani. Ukiteleza sekunde mbili, deni hilo unalibeba hadi kengele ya mwisho. Mimi fainali ile naiona kama mechi ambayo ingeweza kwenda upande wowote, na sisemi hivyo kuwafariji Wafaransa.

Mwaka 2017 teke la kifuani likapandishwa hadi pointi 2. Ngumi ikabaki 1, kichwa 3, na baadaye teke la kuzunguka la kifuani likawa 4, la kuzunguka la kichwani 5. Halafu mwaka 2022 likaja badiliko kubwa zaidi: kila raundi inasimama peke yake, kama seti za voliboli. Anayeshinda raundi mbili ameshinda pambano, hata kama jumla ya pointi zake ni ndogo. Raundi ikiisha, ubao unafutwa. Kwa sheria zilizotumika Paris, tofauti ikifika pointi 12, raundi ilikatwa hapohapo. Na adhabu, ile wanayoiita gam-jeom, inampa mpinzani pointi 1. Zikifika 5 kwenye raundi moja, raundi imekwenda.

Badiliko hilo lina maana gani kwa mtu kama Laurin? Kwenye mfumo wa zamani, mpiganaji mzito mwenye fujo angeweza kukusukuma, akakukumbatia, akachuma pointi za adhabu zako, akaweka akiba kubwa raundi ya kwanza na kuilinda hadi mwisho. Kwenye mfumo mpya akiba haihamishiki. Mpiganaji mrefu mwenye subira, anayeujua mguu wake wa mbele, anaweza kushinda raundi 3–2 au 4–1 bila kukimbizana na mtu. Kwenye daraja la zaidi ya 67 raundi nyingi sasa ni za pointi chache, na watazamaji wengine hulalamika kwamba zinachosha. Nawaelewa. Lakini kama binti yako anataka kujifunza umbali na muda, pambano la pointi 3 lina mafunzo mengi kuliko la pointi 40. Mwambie asitazame teke lililoingia, atazame mguu wa mbele unaponyanyuliwa bila kupiga: huo unapima, unazuia, unamfanya mwenzake asite.

Laurin akaushika mfumo mpya haraka. Mwaka 2023 huko Baku akawa bingwa wa dunia wa chini ya kilo 73, miaka 10 baada ya Niaré. Tarehe 10 Agosti 2024, ndani ya Grand Palais, jengo la kioo na chuma lililojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1900, akamfunga Svetlana Osipova wa Uzbekistan kwenye fainali ya zaidi ya kilo 67. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya taekwondo kwa Ufaransa tangu mchezo huu uingie rasmi Sydney mwaka 2000. Alikuwa na miaka 22.

Sasa la baba yake.

Kuwa nyumbani kunasaidia, sitamkatalia kabisa. Lauren Burns wa Australia alipata dhahabu Sydney, Jade Jones wa Uingereza alipata dhahabu London. Lakini Japani, wenyeji wa Tokyo, hawakupata hata medali moja ya taekwondo. Ugiriki mwaka 2004 waliingiza watu wawili fainali nyumbani kwao Athens, wote wakaondoka na fedha. Na mfano mzuri kuliko yote ni Beijing 2008. Chen Zhong wa China, bingwa wa Olimpiki wa 2000 na 2004, yuko mbele ya watu wake, robo fainali, anatangazwa mshindi dhidi ya Mwingereza Sarah Stevenson. Waingereza wakakata rufaa: Stevenson alikuwa amempiga kichwani sekunde za mwisho na majaji hawakuliona teke hilo. Matokeo yakageuzwa. Bingwa mara mbili akatolewa nyumbani kwake.

Mashindano yale, pamoja na kisa cha Mcuba Ángel Matos aliyempiga teke refa, yaliutikisa mchezo. Ndiyo maana kuanzia London 2012 hogu za kielektroniki zikaingia Olimpiki pamoja na marudio ya video, na Rio 2016 kofia nazo zikawekewa vihisio. Leo teke la kawaida la kifuani au la kichwani halimngojei jaji. Majaji wa kona wanabaki na ngumi na ile nyongeza ya teke la kuzunguka, na kocha ana haki ya kuomba video. Kelele za Grand Palais zinaweza kumtia mtu moyo au kumtia hofu, ila haziwezi kuiandikia hogu pointi. Ufaransa ilipeleka wapiganaji 4 Paris. Laurin alipata dhahabu, Cyrian Ravet akapata shaba kwenye chini ya kilo 58. Magda Wiet-Hénin na Souleyman Alaphilippe walipigana ukumbi uleule, mbele ya mashabiki walewale, wakatoka mikono mitupu.

Faida ya kweli ya kuwa mwenyeji ilikuwa mahali pengine, na watazamaji hawaioni. Nchi mwenyeji hupewa nafasi 4 za kushiriki bila kuzitafuta. Nchi nyingine karibu zote hufukuzia pointi za orodha ya dunia, au kwenda kwenye mashindano ya kufuzu ya bara ambako siku moja mbaya inaifuta miaka minne. Anayejua mapema kwamba nchi yake ina nafasi anaweza kupanga mwaka mzima kwa ajili ya siku moja: lini apigane, lini apumzike, lini atibu goti. Ukiniuliza Paris ilimpa Laurin nini, nitasema ilimpa kalenda.

Kuna kitu kingine ambacho baba yake angekipenda kwa kuwa kinahusu ukoo. Wafaransa hawakuibuka Paris kutoka gizani. Kila Olimpiki tangu 2000 walirudi na medali. Pascal Gentil, jitu la karibu mita 2, alipata shaba Sydney na shaba Athens kwenye zaidi ya kilo 80. Myriam Baverel alipata fedha Athens, akifungwa fainali na huyohuyo Chen Zhong. Épangue shaba Beijing. London, Graffe fedha na Marlène Harnois, mzaliwa wa Canada, shaba kwenye chini ya 57. Niaré fedha Rio. Laurin shaba Tokyo. Ukihesabu hadi Paris ni medali 10: dhahabu 1, fedha 3, shaba 6. Gentil akiondoka, na Ravet akija mwishoni, katikati yote ni wanawake, na zaidi ni wanawake wa madaraja mawili ya juu, chini ya 67 na zaidi ya 67. Baverel alipoacha kupigana alibaki ndani: akawa kocha wa timu ya taifa, na Niaré alipofika fainali ya Rio Baverel alikuwa kwenye benchi la ufundi. Maana yake, binti wa Épinay akiuliza fainali ya Olimpiki inafananaje, kuna mtu karibu aliyewahi kuipoteza. Mimi nadhani hilo lina thamani kuliko vifaa vyote walivyo navyo.

Vifaa navyo wanavyo, sitadanganya. Klabu nyingi za Ufaransa ni vyama vya hiari vilivyosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1901, vinafanya mazoezi kwenye kumbi za manispaa, kwa hiyo ada inaweza kubebwa na familia ya kawaida. Wanaojitokeza huchukuliwa kwenye vituo vya mikoa, na wachache huishia INSEP, kituo cha taifa kilichoko kwenye msitu wa Vincennes, Paris, ambako shule, daktari, chakula na mkeka viko ndani ya uzio mmoja. Dhahabu ya Paris ilimletea kila aliyeipata euro 80,000 kutoka serikalini. Kwa mwenye kipato cha Morogoro ni fedha nyingi. Kwa mtu aliyeishi Paris na kujinyima tangu utoto, zigawe kwa miaka ya mazoezi uone zinabaki ngapi kwa mwezi. Hakuna anayeingia taekwondo Ufaransa ili atajirike. Wengi husoma au kufanya kazi huku wakipigana, na baba yake akitaka kujua kama huu ni mchezo wa kulipa nyumba, jibu ni hapana, hata kwa walio wengi wa timu ya taifa ya Ufaransa.

Tufike kwa binti yako, kwa maana naona ndiye aliyekufanya uandike.

Ana miaka 14. Kwenye taekwondo ya kimataifa hiyo bado ni kadeti. Junia huanza 15 hadi 17, na Olimpiki haimpokei mtu kabla ya mwaka anaofikisha 17. Mwili wake bado unarefuka. Kumpunguza kilo sasa ili aingie daraja fulani la mashindano ya mkoa ni kununua medali ya Jumamosi moja kwa mifupa yake. Msichana anayekula pungufu huku akifanya mazoezi magumu anaweza kukosa hedhi, na hedhi ikikosekana kwa muda mrefu mifupa hudhoofika, mivunjiko midogo ya mguu huanza, na mtu wa mateke bila mguu hana mchezo. Madaktari wa michezo wanalisema hili kila siku. Kama hedhi yake imeshaanza na sasa inaruka miezi, usisubiri mashindano yaishe, mpeleke hospitali.

Kocha wake simjui na sitamhukumu. Huenda anamaanisha kitu kingine, huenda ana shindano maalumu kichwani. Mwendee kwa adabu, muulize: ni shindano gani, daraja gani, na binti anatakiwa kufika kilo ngapi kwa muda gani? Akikujibu kwamba kuna wiki mbili na kilo 4, mwambie apande daraja. Atafungwa? Huenda. Laurin naye alikuwa wa umri mdogo kuliko wote aliosimama nao jukwaani Tokyo. Akikujibu kwamba anataka tu binti aache soda na chipsi za kila jioni, basi kocha ana hoja, ila hilo aliseme kwa lugha ya afya, asilitaje kwa kilo mbele ya wenzake.

Na asifikiri madaraja ya uzito mkubwa ni ya Wazungu na Wakorea. Ruth Gbagbi wa Côte d'Ivoire ana shaba za Rio na Tokyo kwenye chini ya 67. Jirani zetu Kenya walikuwa na Faith Ogallo Tokyo, kwenye zaidi ya 67, daraja lilelile alilopigana Laurin siku ileile. Hakurudi na medali. Lakini alipita kwenye mashindano ya kufuzu ya Afrika, ambayo binti yako akikua naye itambidi ayapite, kwa sababu sisi si wenyeji wa Olimpiki na hatutapewa nafasi 4 mezani.

Kama una bando la kutosha, mwonyeshe kwanza ile fainali ya Rio ya Niaré na Oh, halafu fainali ya Paris ya Laurin na Osipova. Mwache ahesabu mwenyewe pointi za kila raundi kwenye karatasi, kisha azihesabu fainali ya Rio upya kwa sheria za sasa: teke la kifuani 2, raundi zinasimama peke yake. Akimaliza, niandikieni mniambie amepata mshindi gani.